Kabla ya Kukabidhiwa Mtoto wa Mtu

Tangu mwezi uliopita nilikuwa na makala kichwani, hata kichwa cha habari nilishakiandika: "Urasimu Unavyoua Huruma". Sikuimaliza. Hii mnayoisoma ni matokeo ya wiki tatu za kusoma historia ambayo wala sikuwa nimepanga kuisoma.

Chanzo ni dada yangu. Yeye na shemeji wana miaka tisa kwenye ndoa na hawajajaaliwa mtoto. Mwaka jana walikubaliana waende ofisi ya ustawi wa jamii waombe kulea mtoto, na mambo yakienda vizuri baadaye wamuasili. Walidhani ni suala la barua moja na mihuri miwili. Badala yake afisa alikuja mpaka nyumbani. Akauliza kipato. Akauliza mtoto atalala wapi. Akauliza wakikosana huwa wanafanyaje, na ikitokea Mungu akawapa wa kwao, huyu wa kulelewa atakuwa nani. Akamuuliza shemeji kama utotoni alichapwa, na mtoto mkaidi yeye atamfunza adabu namna gani. Akapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaongea na majirani wawili (mnajua majirani, jioni ileile mtaa mzima ulikuwa na habari). Kisha akaondoka, na miezi ikapita bila jibu.

"Mdogo wangu, yaani mimi ndiyo nimekuwa mtuhumiwa?" dada aliniambia. "Wanaozaa wenyewe nani anawauliza kipato?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu, na kwa mwandishi hasira ni mtaji. Lakini kabla sijaanza kuitukana serikali nikajiuliza swali ambalo mhariri wangu wa kwanza alinifundisha niulize kila mara: hili jambo lilianzaje? Nani wa kwanza alikaa akaamua kwamba mtu akitaka kumchukua mtoto asiye na wazazi ahojiwe kama anaomba kazi ya benki?

Swali hilo likanipeleka mbali, mpaka New York ya mwaka 1854.

Wakati huo New York ilikuwa na maelfu ya watoto wanaolala barabarani. Wahamiaji walikuwa wanamiminika kutoka Ulaya, wazazi wanakufa kwa maradhi au wanashindwa na maisha, na watoto wanabaki wakiuza magazeti na viberiti, wengine wakiiba. Mchungaji kijana aliyeitwa Charles Loring Brace, aliyekuwa na umri wa miaka 26 tu, alianzisha shirika la Children's Aid Society mwaka 1853. Brace aliamini kwamba makao makubwa ya yatima yanamharibu mtoto na kwamba dawa ya mtoto ni familia. Tukubaliane kwamba hapo alikuwa mbele ya wakati wake. Lakini familia atazitoa wapi? Jibu lake lilikuwa mashamba ya magharibi, kwa wakulima wenye nafasi, chakula na kazi nyingi.

Septemba 1854 kundi la kwanza la watoto 45 hivi likaondoka New York likiongozwa na mtu mmoja, E. P. Smith. Safari ilianza kwa boti. Wakiwa bado mtoni, Smith akaruhusu abiria wawili wajichukulie watoto bila kuuliza wao ni akina nani. Njiani, kwenye yadi ya treni mjini Albany, akamuokota mtoto mwingine aliyedai kuwa yatima, wala hakuhakikisha. Tarehe 1 Oktoba wakafika mji mdogo wa Dowagiac, Michigan. Ilikuwa Jumapili. Watoto wakapelekwa kanisani, Smith akawahutubia waumini, kisha mlango ukawa wazi kwa kila mwenye kutaka. Masharti yalikuwepo, kwamba mwombaji alete barua ya mchungaji na ya hakimu wa pale, ingawa wanahistoria wana shaka kama yalifuatwa. Siku tano baadaye watoto 37 walikuwa wameshachukuliwa. Wale waliobaki Smith aliwafikisha Chicago, akawapandisha treni peke yao kwenda kwenye makao ya yatima huko Iowa.

Safari ile ikaonekana ya mafanikio. Ndivyo zilivyoanza zile ziitwazo treni za yatima, zilizokwenda miaka 75, mpaka 1929. Inakadiriwa watoto kama 200,000 walisafirishwa.

Baadaye utaratibu uliboreshwa kidogo. Kabla treni haijafika, matangazo yalibandikwa mjini. Ikaundwa kamati ya watu wenye heshima zao: mchungaji, daktari, mwenye benki, mhariri wa gazeti (ndiyo, na sisi tumo!). Kamati ndiyo ilipaswa kusema nani anafaa na nani hafai. Siku ikifika watoto walipangwa jukwaani, kwenye ukumbi au mahakamani, watu wakapita wakiwatazama. Waliopitia hayo walisimulia uzeeni jinsi wakulima walivyowashika misuli ya mikono na kuwaangalia meno. Ndugu wa tumbo moja waliachanishwa hapohapo, mmoja kushoto mwingine kulia, kwa sababu mtu alitaka mmoja tu.

Mwaka 1884 Hastings Hart, mtumishi wa bodi ya misaada ya jimbo la Minnesota, alichunguza watoto waliopelekwa jimboni kwake. Hakukuta ukatili mwingi kama watu walivyohofia, lakini alikuta jambo linalotufaa sisi leo: watoto walikuwa wakigawiwa haraka mno, na kamati za mji hazikuwa na ubavu wa kumkatalia mtu. Hebu fikiria. Mwenye benki atamwambiaje mteja wake mbele ya kadamnasi kwamba hafai kulea? Mchungaji atamwambiaje muumini anayekaa kiti cha mbele? Ikawa rahisi kumpa mtoto kuliko kumvunjia heshima jirani.

Nisiwe mwongo, wapo waliofanikiwa sana. Andrew Burke na John Brady walipanda treni moja kwenda Indiana mwaka 1859 wakiwa watoto. Burke alikuja kuwa gavana wa North Dakota, Brady gavana wa Alaska. Brady alilelewa na jaji, maana bahati ilimpeleka huko. Na neno bahati ndilo linalonitatiza. Treni moja, ukumbi mmoja, mtoto mmoja anaangukia kwa jaji, mwenzake anaangukia kwa mtu anayetafuta kibarua wa bure.

Wakati nasoma haya nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya karne ya 19, watu hawakujua. Halafu nikakutana na habari ya Dennis O'Neill.

Dennis alikuwa mtoto wa Newport, Wales. Yeye na wadogo zake waliondolewa kwa wazazi wao kwa sababu ya kutotunzwa, wakawa chini ya halmashauri. Katikati ya mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea na maofisa wakiwa wachache, yeye na mdogo wake Terence wakapelekwa kwenye shamba moja huko Shropshire, kwa mume na mke walioitwa Gough. Sheria za Uingereza wakati huo hazikuwa mbaya. Zilitaka mtoto apimwe na daktari na atembelewe mara kwa mara. Tatizo ni kwamba halmashauri iliyomtoa mtoto ilikuwa ya mji mmoja na shamba lilikuwa kwenye eneo la halmashauri nyingine, na kila upande ukadhani mwenzake anaangalia. Desemba 1944 afisa mmoja wa kike alifika shambani, akamwona Dennis hali yake si nzuri, akashauri aondolewe. Taarifa yake ikatembea mwendo wa taarifa za ofisini, na sikukuu za Krismasi zikaingia katikati.

Tarehe 9 Januari 1945 Dennis alifariki. Alikuwa na miaka 12. Alikuwa amekonda kwa njaa na ana alama za kipigo. Terence, akiwa na miaka 10, ndiye aliyesimama mahakamani kueleza yaliyotokea. Gough alifungwa miaka sita kwa kuua bila kukusudia, mkewe miezi sita kwa kutomtunza mtoto.

Nilisimama hapo nikatoka nje kunywa maji. Maana kumbukeni swali alilomuuliza yule afisa shemeji yangu: utotoni ulichapwa, na mtoto mkaidi utamfunzaje? Hakuna aliyekwenda kumuuliza Gough swali hilo.

Uingereza ilitikisika. Serikali ikamteua Sir Walter Monckton achunguze, ripoti yake ikatoka mwaka huohuo wa 1945. Kamati nyingine iliyoongozwa na Myra Curtis ikaangalia hali ya watoto wote wanaoishi nje ya nyumba zao, na mwaka 1946 ikatoa mapendekezo. Mwaka 1948 ikapitishwa Sheria ya Watoto iliyotaka kila halmashauri iwe na idara ya watoto na afisa wake mkuu, mtu mmoja ambaye mambo yakiharibika hawezi kusema "nilidhani ni kazi ya wale". Kutoka hapo ukaguzi wa nyumba, mazungumzo na wanaoomba kulea, na mafunzo kwa maofisa vikaanza kuwa kazi rasmi yenye watu wake. Na kama mmewahi kusikia ule mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap, ulioanza London mwaka 1952 na kuvunja rekodi ya dunia ya kuchezwa kwa muda mrefu, basi jueni kwamba mbegu yake ni kisa hiki cha Dennis. Wengi wanaonunua tiketi hawajui.

Kwa hiyo dada alikosea kukasirika? Nisiende haraka, kwa sababu historia ina upande wa pili, na upande huu unamtetea dada.

Baada ya hofu zile, mashirika ya nchi za Magharibi yalikaza vigezo. Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na mashirika yaliyotaka waombaji wawe na nyumba yao, chumba cha peke yake cha mtoto, mke asiyefanya kazi nje, na cheti cha daktari kwamba hawawezi kuzaa. Matokeo yake? Familia nyingi za watu weusi zilianguka mtihani kabla hazijafika kwenye swali la kama zinaweza kumpenda mtoto. Halafu mashirika hayohayo yakawa yanasema watoto weusi hawapati familia kwa sababu watu weusi hawapendi kuasili! Watu ambao kwa vizazi wamelea watoto wa ndugu, wa jirani na wa marafiki bila karatasi yoyote.

Mabadiliko yalianza taratibu. Mwaka 1965 idara ya kuasili watoto ya Los Angeles ilianza kuwatafuta hata watu wasio na ndoa wawe wazazi, jambo lililokuwa geni kabisa. Mwaka 1969 huko Detroit likazaliwa shirika liitwalo Homes for Black Children, likiongozwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mwanamke mweusi, Sydney Duncan. Alichofanya ni kugeuza mlango. Mtu akija anakaribishwa kwanza, anaelezwa, anaulizwa anachoweza kumpa mtoto. Vigezo vya pesa na vyumba vikawekwa mahali pake, chini. Ndani ya mwaka wa kwanza zaidi ya watoto mia moja walipata familia. Familia zilikuwepo siku zote. Kilichokuwa hakipo ni mtu wa kuzitafuta kwa heshima.

Hapo nikaelewa kwamba kazi hii ina hatari mbili. Moja ni kumfungulia kila mtu, kama Smith kwenye boti. Ya pili ni kuwafungia wanaofaa kwa maswali yasiyo na maana. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anatembea katikati, na akiyumba upande wowote anayeumia ni mtoto.

Kilichokuja kusaidia zaidi ni kubadilisha mahojiano yawe maandalizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo la Illinois, pamoja na shirika la Child Welfare League of America, liliandaa mpango uitwao PRIDE, ambao baadaye ulitumika katika nchi nyingi. Waombaji wanakaa vikao tisa vya saa tatu kila kimoja, saa 27 jumla, kabla ya kukabidhiwa mtoto yeyote. Wanafundishwa kwamba mtoto aliyepoteza watu wake anaweza kuficha mkate chini ya mto hata kama kabati limejaa. Kwamba anaweza kumtukana anayempenda ili aone kama naye ataondoka. Namna ya kumfunza bila fimbo. Namna ya kuzungumzia wazazi wake wa kwanza bila kuwadhalilisha. Na katikati ya vikao hivyo wapo wanaogundua wenyewe kwamba hawawezi, wakajitoa bila aibu. Yale maswali ya mtihani yanageuka kuwa masomo.

Sasa tuje kwetu. Mtasema Waafrika hatuhitaji haya, sisi mtoto ni wa wote. Ni kweli, mimi mwenyewe nimelelewa miaka minne na shangazi na hakuna aliyetia saini popote. Lakini nani alimkagua shangazi? Ukoo mzima! Bibi alikuwa anakuja bila taarifa. Mjomba akipita anauliza mbona kijana amekonda. Kulikuwa na macho mengi, na hakuna aliyeyaita ukaguzi. Mtoto anapokwenda kwa mtu asiye ndugu, macho hayo yote yanaondoka kwa siku moja. Lazima awepo wa kukaa mahali pake.

Majirani zetu Rwanda wamelielewa hili vizuri. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 familia nyingi zilipokea watoto wasio wao. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta watoto na vijana 3,323 bado wanaishi kwenye makao 33. Mwaka 2013 serikali pamoja na UNICEF ikaanza mpango wa kuwarudisha kwenye familia: kwanza kwa ndugu, na wasio na ndugu kwa familia zilizotafutwa na kuandaliwa. Waliajiriwa wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii kwa kazi hiyo. Kisha kila kijiji kikachagua wawili, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, jumla 29,674 nchi nzima, wapite wakiangalia. Ndio wale bibi na mjomba, wamerudi kwa jina jipya. Na wanaopokea watoto wanaitwa Malayika Murinzi. Hapo sidhani kama Mswahili anahitaji mkalimani.

Linganisheni na jina letu la kitaalamu, malezi ya kambo. Nani mwenye akili timamu atajitokeza kuwa wa kambo, wakati hadithi zote tulizosimuliwa mama wa kambo ndiye anayemnyima mtoto chakula? Nashukuru siku hizi maofisa wanasema pia "familia za kuaminika". Tanzania Bara tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayoeleza malezi haya na kuasili. Zanzibar ina sheria yake ya 2011 inayotambua na kafala, ambamo mtoto analelewa kikamilifu huku akibaki na nasaba yake. Kenya ilitunga sheria mpya ya watoto mwaka 2022. Sheria tunazo. Lakini ni lini mara ya mwisho ulisikia redioni tangazo la kutafuta familia ya kulea? Ni lini msikitini au kanisani ulisikia mtu akieleza utaratibu? Tunapelekea makao ya watoto mchele na sabuni, tunapiga picha, tunarudi. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kuna kitu kingine wanaweza kutoa.

Nilimsimulia dada haya yote Jumapili, kuanzia treni mpaka Dennis. Alinyamaza muda mrefu, akachukua vyombo akapeleka jikoni. Aliporudi akasema, "Basi aniambie. Aniambie kwamba anauliza kwa sababu hiyo. Mimi ningemjibu mpaka asubuhi."

Nadhani dada ana haki, na afisa naye ana haki. Maswali yale yalilipiwa na watoto, lakini mtu anayefungua mlango wake kwa mtoto wa mwenzie anastahili kuelezwa kwa nini anaulizwa, na kujibiwa mapema, hata kama jibu ni hapana.

Jana usiku amenitumia ujumbe. Anauliza kama bado nina namba ya yule mwenyekiti wa serikali ya mtaa, barua yao ya utambulisho imepitwa na wakati.

Nimempa. Nyie mnasemaje?